Uhakiki wa Maadili ya Utafiti wa Wanafunzi, Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Uhakiki wa maadili ni uchunguzi wa pendekezo la utafiti unaofanywa na kamati huru kabla mwanafunzi hajaanza kukusanya data kwa watu, ili kuthibitisha kwamba washiriki hawatadhurika na kwamba watatoa ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa madhumuni na hatari zilizopo. Nchini Kenya kamati hizo huidhinishwa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), iliyoundwa kwa sheria ya 2013, ambayo pia hutoa leseni za utafiti. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa maelezo ya Kiingereza anayosomewa mfugaji azungumzaye Kisomali hayaleti ridhaa ya kweli, na kibali cha mzee wa ukoo, ingawa hufungua mlango, hakichukui nafasi ya kauli ya mhojiwa mwenyewe. Katika kambi za Dadaab, zilizoanza kuanzishwa 1991, mkimbizi anayetegemea mgawo wa chakula huweza kudhani kwamba akikataa kuhojiwa atanyimwa msaada. Ni lazima aelezwe wazi kuwa hatapoteza chochote. Vilevile manusura wa shambulio la Aprili 2, 2015 katika chuo kikuu cha Garissa, lililoua watu 148, hawafai kuhojiwa pasipo mpango wa ushauri nasaha.