Cold Case Hammarskjöld (filamu)

Cold Case Hammarskjöld ni filamu ya makala ya mwaka 2019 iliyoongozwa na Mads Brügger, mwandishi wa habari na mtengenezaji wa filamu kutoka Denmark. Inachunguza kifo cha Dag Hammarskjöld, Msweden aliyekuwa Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa. Ndege yake ilianguka msituni karibu na Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2019 kwenye tamasha la Sundance, Marekani, na Brügger akatunukiwa tuzo ya uongozaji katika kundi la filamu za makala za kimataifa.

Hammarskjöld alizaliwa Jönköping mwaka 1905 na kushika ukatibu mkuu mwaka 1953. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikupita hata wiki mbili kabla ya Moïse Tshombe kutangaza kuwa Katanga, jimbo la shaba, limejitenga. Nyuma yake walisimama Wabelgiji, kampuni za madini na mamluki wa Kizungu. Patrice Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa hukohuko Katanga Januari 1961. Septemba mwaka huo majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipambana na ya Tshombe, na Hammarskjöld akaamua kwenda mwenyewe kuzungumza naye Ndola.

Ndege aina ya DC-6, iliyoitwa Albertina, iliondoka Léopoldville (Kinshasa ya leo) jioni ya tarehe 17. Haikwenda moja kwa moja. Ilizunguka mashariki hadi upande wa Ziwa Tanganyika, kisha ikashika njia ya kusini, ili kuikwepa ndege ya kivita ya Katanga aina ya Fouga Magister iliyokuwa ikiwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa. Baada ya saa sita usiku ilipita juu ya uwanja wa Ndola, na haikutua. Mabaki yalikuwa takriban kilomita 15 tu kutoka uwanjani, lakini taarifa rasmi zinasema yalipatikana alasiri ya siku iliyofuata, saa kama 15 baadaye. Kati ya watu 16 waliokuwamo, mlinzi mmoja Mmarekani, Harold Julien, alikutwa hai. Aliishi siku chache hospitalini, akaeleza juu ya mlipuko na cheche angani, kisha akafariki. Tume ya serikali ya Rhodesia iliyahesabu maneno yake kuwa ya mgonjwa aliyeweweseka, na mwaka 1962 ikamlaumu rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo ilikataa kufunga mjadala: haikuthibitisha hujuma, wala haikuiondoa.

Hapo ndipo filamu inapokuwa na nguvu. Brügger anafuatana na Göran Björkdahl, Msweden aliyekwisha tumia miaka kadhaa kuwatafuta watu wa Ndola waliokuwa macho usiku ule. Wengi wao walikuwa wachoma mkaa. Wachoma mkaa hulinda matanuri yao usiku kucha, na hakuna mtu aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko wao ya kuona kilichopita angani. Wanasimulia juu ya ndege ya pili, ndogo, na juu ya moto uliowaka kabla ndege kubwa haijagusa miti. Waafrika waliosema hivyo mbele ya tume ya kikoloni walidharauliwa. Kitabu cha Susan Williams cha mwaka 2011 kuhusu kifo hicho kilikwisha kuurudisha ushahidi wa aina hii mezani. Filamu iliwapa wazee hao sura na sauti.

Sehemu nyingine ni za maigizo. Brügger anavaa nguo nyeupe tupu, anakaa hotelini na kuwasimulia kisa makatibu muhtasi wawili, wanawake Waafrika wanaopiga taipureta. Wanapomhoji ndipo inapoonekana kwamba na yeye anacheza. Pamoja na Björkdahl anayatafuta mabaki ya ndege kwa mashine ya kutafuta chuma, lakini wenye mamlaka wanawazuia kuchimba. Pia filamu inamtaja rubani Mbelgiji aliyeitumikia Katanga, kwa ushahidi wa rafiki anayedai kusikia kukiri kwake. Rubani huyo alikwisha fariki, hawezi kujibu.

Nusu ya pili inaelekea Afrika Kusini, kwenye kundi la siri lililoitwa SAIMR. Jina lake lilijitokeza mwaka 1998, Askofu Desmond Tutu alipotangaza kuwa Tume ya Ukweli na Maridhiano imekuta karatasi zinazozungumzia mpango wa kumwondoa Hammarskjöld. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa hawajaweza kuzithibitisha. Baya zaidi, filamu inampa nafasi mtu anayedai kundi hilo lilijaribu kueneza virusi vya UKIMWI kwa Waafrika kupitia chanjo. Wataalamu walilikataa dai hilo mara moja, kwa kuwa virusi hivyo ni vigumu kukuzwa na kutunzwa bila maabara kubwa. Katika bara ambako uvumi juu ya chanjo huua watoto, kulitoa dai kama hilo bila ushahidi ni kosa kubwa la filamu hii.

Uchunguzi rasmi umekuwa mikononi mwa Mtanzania, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Aliongoza jopo la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, na tangu 2017 akabeba kazi hiyo peke yake. Ripoti yake ya mwaka 2017 ilisema kuna uwezekano wa kuaminika kwamba shambulio au tishio kutoka nje ya ndege lilisababisha ajali. Mataifa kadhaa, yakiwamo Marekani, Uingereza na Afrika Kusini, yameombwa kufungua hifadhi zao za kijeshi na kijasusi. Othman ameshikilia kuwa sasa ni wajibu wa mataifa hayo kuonyesha kwamba yamepekua kila kitu, na kwamba hadi leo hayajafanya hivyo kikamilifu.