Waliofungiwa ndani, nani aliwalisha?

Siku nyingi sijaandika hapa kibarazani, zamu za usiku zimenikaba. Leo nimepata siku mbili za mapumziko, nikasema niwajibu swali ambalo kila nikipiga simu nyumbani halikosi: hivi huko Uingereza mlivyofungiwa ndani wakati wa korona, mlipata faida gani?

Shangazi yangu wa Tanga huliuliza kwa ushindi kabisa. "Sisi hatukufungiwa, na tupo!" Binamu yangu aliyeko Kampala huliuliza kwa hasira, na simlaumu. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na hazikufunguliwa zote hadi tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Hakuna nchi duniani iliyofunga shule muda mrefu kuliko hapo, na wanafunzi milioni 15 hivi waliguswa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa kidato cha pili. Shule zilipofunguliwa yule kijana alikuwa fundi pikipiki, na hakurudi.

Sasa mimi naona wengi wetu, huku na huko, tunapima jambo hili kwa mizani mbovu. Kitanga kimoja tunaweka roho za watu, kitanga cha pili tunaweka fedha za nchi, halafu tunabishana kipi kimezama. Hatuulizi aliyefungiwa alikula nini, na chakula hicho kilitoka kwa nani. Bila swali hilo hesabu yote inapinda. Ngoja nianzie mbali kidogo, mwaka 1665.

Hapa ninapoishi, Leicester, ukiendesha gari kuelekea kaskazini muda usiofika saa mbili unafika milima ya Derbyshire, kwenye kijiji kinachoitwa Eyam. (Kinaandikwa hivyo lakini wenyewe wanatamka "Im". Kiingereza bwana!) Mwaka huo tauni ilikuwa inaua maelfu London. Masimulizi ya kijiji yanasema furushi la vitambaa liliagizwa kutoka London kwa fundi nguo wa hapo, likaja na viroboto wenye ugonjwa. Msaidizi wake, George Viccars, akafa Septemba 1665. Wakafuata wengine. Baridi ilipoingia maradhi yakatulia, na majira ya joto yalipokaribia yakarudi kwa nguvu.

Juni 1666 kasisi wa kijiji, kijana aitwaye William Mompesson, akisaidiwa na kasisi aliyemtangulia, Thomas Stanley, aliwaomba wanakijiji jambo zito: mtu asitoke, asije akaipeleka tauni vijiji vya jirani. Wakakubali. Ibada zikafanywa nje bondeni, watu wakisimama mbalimbali. Kila familia ikazika watu wake yenyewe. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume na watoto sita kwa siku nane. Jamani, siku nane! Mpaka Novemba walikuwa wamekufa watu 260 hivi. Mke wa Mompesson, Catherine, alikuwa mmoja wao.

Hadithi hii husimuliwa huku kama hadithi ya ushujaa, na ni ya ushujaa kweli. Lakini nilipokwenda kutembea huko, kilichonishika ni jiwe. Mpakani, njia ya kwenda kijiji cha Stoney Middleton, kuna jiwe kubwa lenye matundu. Wanakijiji walikuwa wanaweka sarafu kwenye matundu hayo ndani ya siki, ili pesa isafike, na watu wa nje wakileta chakula, wanachukua pesa wanaondoka. Na Earl wa Devonshire, bwanyenye mwenye jumba la Chatsworth lililo karibu na hapo, aligharimia chakula na mahitaji. Kwa hiyo watu wa Eyam walifungiwa, ndiyo, lakini walilishwa. Kasisi kabla ya kuwaomba wakubali, alihakikisha kwanza chakula kitafika. Naona hapo ndipo alipokuwa na akili kuliko viongozi wengi wa mwaka 2020.

Nisimpambe kupita kiasi. Mompesson huyohuyo alikuwa ameshawapeleka watoto wake Yorkshire kabla ya kijiji kufungwa. Na wanahistoria wanabishana mpaka leo kama kufungiana pamoja kuliwaua wengi zaidi wa ndani kuliko wangekufa wakitawanyika. Vijiji vya jirani vilisalimika. Gharama ilibebwa na waliokuwa ndani ya duara, faida ikaenda nje ya duara.

London ya wakati huo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nyumba yenye mgonjwa ilifungwa siku 40, pamoja na wazima waliomo, mlango ukachorwa msalaba mwekundu na mlinzi akasimama nje usiku na mchana. Matajiri walikuwa wameshahama. Mfalme Charles wa Pili naye alikwenda Salisbury, kisha Oxford. Ukistaajabu ya Musa...

Basi turuke miaka 350 na ushee. Machi 23, 2020, waziri mkuu Boris Johnson akatokea kwenye televisheni usiku akatuambia tukae nyumbani. Na serikali ikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria maishani: ikaanza kulipa mishahara ya watu waliokaa nyumbani, asilimia 80, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango huo uliendelea hadi Septemba 30, 2021, ukagusa ajira milioni 11.7, na uligharimu karibu pauni bilioni 70. Shangazi akisikia hapo huwa anasema, "Si nilijua, mlikuwa mnalipwa kulala." Subiri kidogo, shangazi.

Mpango ule ulimtegemea mwajiri. Akikataa kukuombea, hupati. Sisi wabeba boksi, wengi wetu tuko chini ya mawakala kwa mikataba isiyoahidi hata saa moja ya kazi. Ukiitwa unafanya, usipoitwa unakula ulichonacho. Wakala wangu wakati ule, sitamtaja, hakumwombea mtu. Na wenye viza kama yangu ya siku zile wana sharti lisiloruhusu kuomba posho za umma. Mimi nilikuwa nafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee, na kazi hiyo haifanyiki ukiwa kitandani kwako. Kwa hiyo wakati nchi imefungwa, mimi nilipanda basi tupu kila jioni kwenda kazini. Masika yale wazee walikuwa wanatolewa hospitali na kurudishwa kwenye nyumba za aina hii bila kupimwa; miaka miwili baadaye, Aprili 2022, Mahakama Kuu ikasema sera ile haikuwa halali. Tuliokuwa ndani hatukuhitaji jaji kutuambia.

Ukiumwa je? Malipo ya ugonjwa ya kisheria yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Kodi ya chumba changu peke yake ilikuwa pauni 90. Sasa mwambie mtu mwenye watoto watatu, umekohoa, kaa ndani. Atakohoa kimyakimya na ataingia kazini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Leicester ilitoa mfano ambao mtu yeyote anayepima jambo hili angepaswa kuusoma. Mwisho wa Juni 2020, England ikijiandaa kufungua baa tarehe 4 Julai, waziri wa afya akatangaza kuwa mji wetu peke yake utafungwa tena. Ukawa mji wa kwanza kufungwa kivyake. Maduka yasiyo ya lazima yalifungwa hadi Julai 24, baa na migahawa hadi Agosti 3, na kutembeleana majumbani kukaendelea kuzuiwa. Kwa nini sisi? Magazeti yakaja, yakakuta viwanda vidogo vya kushona nguo mashariki ya mji ambako, kwa taarifa za waandishi na watetezi wa wafanyakazi, watu walikuwa wanalipwa kiasi cha pauni 3.50 kwa saa, wakati kima cha chini cha sheria kilikuwa 8.72. Viwanda vile havikusimama tulipofungwa mara ya kwanza. Watu walikuwa wananunua nguo kwenye intaneti wakiwa wamekaa nyumbani, na mtu fulani alitakiwa azishone.

Siwezi kusema viwanda ndivyo vilivyoleta maambukizi yote. Nyumba zetu ni ndogo, na bibi, wazazi na wajukuu wanaishi pamoja. Hii ni Leicester, ukipita Belgrave Road utasikia wazee wa Kihindi wakiongea Kiswahili cha Kampala na Nairobi. Wengi walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na halmashauri ya mji huu ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije! Wakaja. Ndio hao waliofungiwa tena 2020. Na msaada wa pauni 500 kwa mwenye kipato kidogo anayetakiwa kujitenga ulitangazwa Septemba, miezi sita baada ya kufungwa mara ya kwanza. Jiwe la siki lilichelewa kufika.

Haya, na faida? Ipo, msinielewe vibaya. Novemba 2025 tume ya uchunguzi inayoongozwa na jaji mstaafu Heather Hallett ilisema kwamba kama nchi ingefungwa wiki moja mapema, watu kama 23,000 wasingekufa England katika wimbi la kwanza. Lakini ripoti hiyohiyo ikasema pia kwamba kama hatua ndogo zingechukuliwa mapema zaidi, huenda kufungiwa kwenyewe kusingehitajika. Wanaopenda kufunga wananukuu sentensi ya kwanza, wasiopenda wananukuu ya pili. Nchi nzima walikufa zaidi ya 200,000, na takwimu za serikali zilionyesha mapema kabisa kwamba walinzi, madereva wa teksi na watunza wazee walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko watu wa ofisini.

Hasara nayo bado tunaila. Uchumi ulishuka karibu asilimia 10 mwaka 2020. Foleni ya matibabu hospitalini England ilikuwa na kesi milioni nne na nusu hivi kabla ya korona, mwaka 2023 ikapita milioni saba na nusu. Watoto watoro sugu shuleni walikuwa mmoja katika kila tisa, wakawa zaidi ya mmoja katika kila watano. Ila hapa lazima mtu awe mkweli: ni hasara ya kufungiwa au ya ugonjwa wenyewe? Hospitali iliyojaa wagonjwa wa korona haifanyi upasuaji wa goti hata milango ya nchi ikiwa wazi.

Wapenda ubishi hunitajia Sweden, ambayo haikuwafungia watu. Ni kweli, na ukihesabu miaka yote mitatu vifo vyao vya ziada viko chini kuliko vya nchi nyingi za Ulaya, ingawa mwaka wa kwanza walizika wengi kuliko jirani zao Norway. Lakini Sweden iliondoa makato ya siku ya kwanza ya ugonjwa, kwa hiyo aliyekohoa alilipwa kuanzia siku hiyohiyo. Watu walikaa nyumbani kwa sababu waliweza.

Sasa turudi kwa shangazi. Tanzania haikufungia watu. Shule zilifungwa Machi zikafunguliwa Juni 2020. Mwaka huohuo takwimu zikaacha kutolewa, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Kwa hiyo shangazi, ushindi wako una kitanga kimoja tu. Sikatai kwamba mama ntilie na machinga waliendelea kula, na hilo ni jambo kubwa. Lakini misiba ya mapema 2021 mnaikumbuka wenyewe. Na uchumi haukupona kwa kutofunga: watalii walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,000 hivi mwaka 2020, kwa sababu waliofungiwa walikuwa ni hao watalii.

Kenya ilifunga bila kulisha. Siku ya kwanza ya kafyu, Machi 27, 2020, watu waliokuwa wanakimbilia feri ya Likoni kurudi nyumbani walipigwa mabomu ya machozi na virungu. Wanasukumwa pamoja ili wasiambukizane!

Kilichowalisha wengi kilitoka mahali pengine. Aprili 2020 Benki ya Dunia ilitabiri kwamba fedha zinazotumwa na wahamiaji zitaanguka kwa asilimia 20. Hazikuanguka hivyo. Wakenya walioko nje walituma dola bilioni 3.09 mwaka huo, zaidi ya bilioni 2.8 za mwaka 2019. Mwenzangu wa zamu, mama wa Nakuru, alikuwa anatuma kila Ijumaa kwa simu akiwa chumba cha kubadilishia nguo, barakoa bado iko kidevuni, kabla hajala. Mimi nilikuwa natuma Jumamosi. Binamu wa Kampala anakumbuka, ingawa ada ya shule iligeuka kuwa unga na mafuta.

Nitawaandikia wakati mwingine kuhusu chanjo, maana hilo nalo lina mambo yake. Shangazi, najua utasomewa haya na watoto, kwa hiyo andaa majibu, nitapiga Jumapili. Wasalaam.