Hadithi Ambayo Mwisho Wake Unajulikana

Mtu aliyefundisha fasihi kwa miaka mingi akikiri kwamba jioni hujipumzisha kwa tamthilia za televisheni kutoka Japani zinazosimulia mapenzi ya wanaume wawili, tena zile za upole ambazo mwisho wake hujulikana tangu mwanzo, hana budi kuulizwa: Zina faida gani? Swali hilo nimeulizwa na wanafunzi wangu. Jibu langu limo katika historia, na msomaji na anivumilie nilieleze.

Hadithi hizi hazikuzaliwa na upole. Mwaka 1974 Hagio Moto alianza kuchapisha Tōma no Shinzō, hadithi ya michoro iliyowekwa katika shule ya bweni ya Ujerumani. Hufunguliwa kwa kifo cha mvulana aliyempenda mwenzake. Mwaka 1976 Takemiya Keiko alianza Kaze to Ki no Uta, iliyoendelea hadi mwaka 1984. Hiyo ilikuwa habari ya wavulana wawili katika shule ya bweni ya Ufaransa ya karne ya 19, nayo haikukoma ila kwa mauti. Waandishi hao walikuwa wanawake vijana, na majarida yao yalikuwa ya wasichana. Mapenzi yale yalipewa njia, walakini kwa ushuru mkubwa: mmoja sharti afe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 likazuka neno yaoi, lililofupishwa kutoka maneno ya mzaha yenye maana ya kwamba hakuna kilele, hakuna tamati, hakuna maana. Waandishi wa vijitabu walivyojichapishia wenyewe walikuwa wakijicheka. Mimi nauona mzaha huo kuwa na busara ndani yake, maana hadithi iliyokosa kilele imekosa pia mahali pa kumwulia mtu. Katika miaka ya 1990 majarida ya fani hii yaliongezeka, na mwisho wa heri ukazidi kuzoeleka.

Televisheni ilikuja nyuma. Mwaka 2016 TV Asahi ilionyesha Ossan's Love kwa usiku mmoja tu, na mwaka 2018 ikaifanya mfululizo. Mwaka 2019 TV Tokyo ikaleta Kinō Nani Tabeta?, iliyotokana na michoro ya Yoshinaga Fumi iliyoanza mwaka 2007. Humo mwanasheria na msusi, watu wa makamo, wanaishi pamoja. Mwanasheria hulinganisha bei za mboga, hupika, kisha wawili hao huketi wakala. Mwaka 2020 kituo hicho hicho kilitoa tamthilia iitwayo kwa kifupi Cherimaho. Karani aliyetimiza miaka 30 anajaliwa kusikia mawazo ya kila amgusaye, na katika lifti iliyojaa watu anagundua kwamba mwenzake wa kazini anampenda. Tangu hapo hakuna mtazamaji asiyejua yatakayofuata.

Wako wasemao kwamba utamu huu ni pazia la kufunikia dhiki. Hoja yao si ya kupuuzwa. Vyeti vya wapenzi wa jinsia moja, vilivyoanza kutolewa mwaka 2015 katika mitaa ya Shibuya na Setagaya mjini Tokyo, havikuwa na nguvu ya ndoa. Mwezi Machi 2021 mahakama ya Sapporo ilitamka kwamba kuwanyima watu hao manufaa yote ya ndoa kunavunja usawa ulioahidiwa na katiba. Lakini tamthilia zenyewe hazikuisahau dhiki hiyo. Yule mwanasheria anayepika kwa furaha nyumbani huificha nyumba hiyo kazini, na huogopa kuonekana akitembea na mwenziwe. Hofu hiyo imo ndani ya upole, kama chumvi ndani ya mchuzi.

Mtoto anayemwomba bibi yake hadithi ile ile ya jana haombi habari mpya, kwa kuwa anaijua yote. Anataka kuhakikishiwa kwamba sungura ataokoka leo pia. Kwa miaka mingi wapenzi wa hadithi hizi za Japani hawakuokoka. Ninapotazama wanaume wawili wakigawana wali na samaki, nikijua kwamba kesho watagawana tena, sioni uvivu wa mtunzi. Naona jambo lililochukua zaidi ya miaka 40 kupatikana, nami nalifurahia bila haya.