Maambukizi ya bakteria kwa kichanga: yanavyoenea wodini na dalili za kuwahi

Mama amejifungua salama na mtoto amelia vizuri. Siku ya tatu mtoto anagoma kunyonya, mwili umelegea. Nyumbani wengine wanasema ni jicho baya, wengine wanasema tusubiri kukuche. Huenda ni bakteria walioingia kwenye damu, na hao hawasubiri kukuche.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Maambukizi ni moja ya sababu kubwa.

Bakteria wanatoka wapi?

Baadhi hutoka kwa mama wakati wa kujifungua, hasa chupa ikipasuka mapema. Wengine mtoto huwapata wodini. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti walipima damu ya vichanga 300 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Walioonekana zaidi ni klebsiela, anayeishi tumboni hata mwa mtu mzima wa afya, na stafilokokasi, anayekaa puani na kwenye ngozi.

Hawa hubebwa na mikono ya muuguzi, ya mama na ya ndugu waliokuja kumwona mtoto. Hubebwa pia na vifaa visivyosafishwa vizuri, na huenea haraka pale vichanga wanapolazwa wawili kitanda kimoja.

Tufanye nini?

Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila kabla ya kumshika mtoto. Mama, unaweza kusema kwa heshima: "Samahani nesi, naomba unawe kwanza." Si utovu wa adabu. Wageni wawe wachache, na mwenye mafua au jipu asimbebe mtoto.

Mnyonyeshe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Kitovu kiwe safi na kikavu. Usipake majivu, samli wala dawa ya kienyeji.

Dalili za hatari

- Hanyonyi, au ananyonya kwa udhaifu
- Amelegea, hajongei mpaka aguswe
- Mwili una joto kali, au ni wa baridi. Kichanga mgonjwa anaweza asiwe na homa kabisa
- Degedege
- Kifua kinabonyea akivuta pumzi
- Kitovu chekundu au chenye usaha

Hesabu pumzi zake kwa saa ya simu, dakika nzima, akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi, rudia kuhesabu. Zikiwa bado hivyo, ni hatari.

Ukiona dalili hata moja, nenda zahanati au kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, na kama anaweza kunyonya, endelea kumnyonyesha njiani. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha: kichanga huyu huhitaji sindano, na baadhi ya bakteria wameshazoea dawa za kawaida. Ukipewa rufaa kwenda Kahama, usirudi kwanza nyumbani kushauriana. Piga simu ukiwa njiani.