Almasi na «Diamond»: Ndugu wa Tumbo Moja

Vijana wengi hudai kwamba «almasi» ni neno la vitabuni, na kwamba «diamond» ndilo neno lenyewe. Dai hili hunikera, hasa likitoka kinywani mwa mtu wa Kishapu, wilaya yenye mgodi wa Mwadui. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Mama yao ni neno la Kigiriki, adamas, yaani kisichoshindika. Mtoto mmoja alipitia kwa Warumi na Wafaransa, akapoteza irabu yake ya mwanzo, akafika Uingereza akiitwa diamond. Mwingine alielekea mashariki, akawa almās kwa Waarabu, nasi tukampokea kutoka kwao. Baadhi ya Waarabu waliidhania ile «al» kuwa kiambishi cha lugha yao, wakaikata, wakasema mās. Kiswahili hakikukata kitu. Waingereza wanalo pia adamant, kwa maana ya mtu asiyegeuza msimamo. Huyo ndiye aliyefanana zaidi na mama.

Katika karata, Mwingereza huita diamond ile alama nyekundu ya pembe nne. Mcheza karata wetu husema uru, kutokana na ouro la Kireno, yaani dhahabu. Basi karata moja ni almasi kwa Mwingereza, na kwetu ni dhahabu. Watu wa Kishapu na wa Geita na wagawane wenyewe! Na mtu wa Dar es Salaam akisema «tukutane Diamond», hana habari na jiwe lolote. Anataja ukumbi wa Diamond Jubilee, ukumbusho wa jubilei ya miaka 60 ya Aga Khan wa Tatu, aliyepimwa kwa almasi jijini humo mwaka 1946.

Mwaka uliofuata Mwadui ilitoa jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Karati nayo ina asili ya Kigiriki, nayo ilipitia Kiarabu: ni mbegu ya mti wa karobu, ambayo leo huhesabiwa kuwa miligramu 200. Jiwe zima, basi, halikufika gramu 11. Mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake. Mafundi wa London wakalichonga hata zikabaki karati 23.6, kisichoshindika kikapungua zaidi ya nusu. Tangu hapo dunia hulitaja kwa jina la Williamson. Mwadui haimo katika jina hilo, wala Kishapu.