Jinsi ya kusasisha programu ya ndege nyuki bila kuiharibu

Ndege nyuki, ambayo wengi huiita droni, huendeshwa na programu iliyo ndani yake. Programu hiyo huongoza mota, husoma setelaiti na huirudisha ndege ilikorukia mawasiliano yakikatika. Watengenezaji hutoa toleo jipya mara kwa mara ili kurekebisha kasoro. Kazi hii ikikatizwa katikati, ndege inaweza kukataa kuwaka kabisa. Kwa anayeitegemea kwa picha za harusi au kukagua mikorosho, hiyo ni hasara kubwa.

Kabla ya kuanza
Chaji ndege, rimoti na simu. Betri zisiwe chini ya nusu. Ng'oa pangaboi, maana mota ikizunguka ghafla itakata vidole. Hakikisha bando linatosha, kwani faili linaweza kufika mamia ya MB. Kama mtandao wa Mitwero unasuasua, lipakue kwanza penye mtandao imara. Tumia programu ya mtengenezaji pekee. Usipokee faili la kurushiwa WhatsApp.

Wakati wa kusasisha
Weka ndege mezani, kivulini, kwa sababu hupata joto. Usiizime wala kuchomoa waya, hata ikijizima na kujiwasha yenyewe. Usipokee simu wala kufungua programu nyingine. Ikimaliza, sasisha rimoti, kisha kila betri ya akiba kwa zamu yake. Matoleo yakitofautiana, ndege inaweza kugoma kuruka.

Baada ya hapo
Kagua mipangilio upya, hasa kimo cha kurudi nyumbani, kwani huenda kimebadilika. Minazi ya pwani yetu hupita mita 20. Ndege inayorudi chini ya hapo itaigonga. Pima dira mbali na mabati na magari. Jaribu kwanza kwenye uwanja wa wazi, kimo cha mita 2 au 3, kwa dakika chache. Usianzie juu ya bahari. Usisasishe asubuhi ya siku ya kazi. Fanya siku mbili kabla.

Kumbuka pia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Uwanja wa ndege wa Lindi uko Kikwetu, upande wetu huu, na programu mpya haikupi ruhusa ya kuruka karibu nao.