Nyumba ya mirathi: mnunuzi asaini na nani?

Mwekezaji anayetafuta nyumba ya urithi Kariakoo, Ilala au Magomeni, jijini Dar es Salaam, kwa kawaida hukutana kwanza na dalali, kisha na familia nzima sebuleni. Bei hukubaliwa hapo hapo, naye huonyeshwa muhtasari wa kikao cha ukoo kana kwamba ndiyo hati ya umiliki.

Muhtasari huo hautoshi. Kikao cha ukoo hupendekeza tu jina la msimamizi wa mirathi. Anayeteua ni mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo, uthibitisho wa uteuzi ni Fomu Namba IV. Kabla ya hapo hakuna ndugu, hata awe mtoto wa kwanza, mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu.

Msimamizi akishateuliwa, na kama nyumba ina hati miliki, huomba kwa Msajili wa Hati jina lake liandikwe mahali pa jina la marehemu, kwa wadhifa huo wa usimamizi. Baada ya hapo ndipo nyumba huweza kuhamishiwa kwa mnunuzi.

Kwa kuwa hatua hizo huchukua muda, jambo zito katika majadiliano si bei, bali mpangilio wa malipo. Mnunuzi makini hutoa kiasi kidogo siku ya kusaini, kingine jina la msimamizi likishaingia katika hati, na kilichobaki akikabidhiwa nyumba ikiwa tupu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka makubaliano ya namna hii yawe ya maandishi. Aidha, mnunuzi anaweza kuomba zuio kwa Msajili ili nyumba isiuzwe kwa mwingine wakati akisubiri.

Msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya kila mrithi ili auze. Hata hivyo, saini za warithi wote ni kinga nafuu kuliko kesi, hasa saini ya mjane, ambaye sehemu ya nyumba yaweza kuwa jasho lake mwenyewe wala si urithi. Mrithi aliye mbali asisahauliwe. Mara nyingi ndiye hurudi na wakili.

Nyumba nyingi za Kiswahili zina wapangaji chumba kwa chumba. Mkataba utaje nani atawaondoa, lini, na nani atawarudishia kodi waliyolipa mbele.

Kuhusu kodi, ile itokanayo na faida ya mauzo ni ya muuzaji, ingawa familia nyingi hujaribu kumtwisha mnunuzi. Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani, hulipwa na mnunuzi. Malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi yakatwe katika bei.

Baadhi ya familia za Kariakoo hukataa fedha taslimu na kudai sakafu moja au mbili katika ghorofa litakalojengwa. Huo ni ubia, wala si mauziano, na unahitaji mkataba wake unaotaja sakafu zenyewe, tarehe ya kukabidhi, na mahali familia itakapoishi wakati wa ujenzi.